Sinia Juu ya Kabati

Jumamosi, 16 Agosti 1997. Jinja

Harusi ya Mafubira imepita salama. Masufuria manne ya pilau, yote yamerudi yakiwa yamekombwa. Baba wa bwana harusi alinishika mkono mbele ya watu akasema pilau ni ya Fadhul, wengine wanachemsha mchele tu. Magoti yananiuma, macho yamejaa moshi — lakini sifa ni sifa.

Nilirudi na bakuli la pilau kwa ajili ya Safina na binti yetu. Safina akala. Shamirah akasema amefunga. Jumamosi? Jumatatu na Alhamisi naelewa, ni sunna. Akasema analipa siku zake za Ramadhani. Nikamwambia mama yake, huyu mtoto atatutangulia peponi. Safina akacheka, alifurahi. Miaka kumi na saba! Wenzake wanakimbilia disko, yeye anakimbilia msala. Hata Shehe Faizal alimtaja msikitini mwezi ule wa Ramadhani, akawaambia wasichana wengine waige.

Kitu kimoja kidogo. Alipoinua birika kunimiminia maji ya kunawa, bangili yake, ile niliyomnunulia Idd, iliteleza kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Nikamwambia nitaipeleka kwa sonara aipunguze. Bangili kubwa mno!

Safina ameuliza tena naandika nini kila jioni. Nimemwambia mahesabu ya mchele.

Alhamisi, 21 Agosti

Shamirah ameanguka bombani. Docus, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyekuja mbio kuniita. Nikambeba mwenyewe. Maisha yangu yote nabeba magunia, najua mzigo. Leo mikono ilijiandaa kwa uzito na uzito haukuja. Wallahi niliogopa.

Watu wakajaa. Docus alipomwona vizuri, khanga imemtoka begani, alirudi nyuma kidogo. Mtaa huu tumezika wengi, na wote walianza kwa kukonda. Hata jina tulilolipa ukimwi hapa, silimu, ni la kukonda. Nikaona neno hilo linapita machoni mwa watu, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyelisema.

Safina amefunga mlango wa mbele. Analia jikoni. Kesho tunakwenda kupima damu.

Jumatano, 27 Agosti

Hana! Majibu yametoka, hana!

Safina alipiga magoti palepale koridoni. Mimi nikamshika daktari mkono nikakataa kuuachia, mpaka akacheka. Shamirah alisimama katikati yetu kama mgeni anayesubiri wenye sherehe wamalize yao.

Basi ana nini? Dawa ya minyoo, vitamini, na ale vizuri. Ale vizuri! Binti wa Fadhul mpishi anaambiwa ale vizuri!

Nilitaka kuibandika ile karatasi mlangoni, mtaa mzima usome. Safina akanizuia. Akasema ukiibandika watauliza kwa nini ulimpeleka kupimwa.

Jumapili, 7 Septemba

Leo nimeona.

Sisi watatu tunakula sinia moja, kama alivyokula baba yangu na baba yake. Kwenye sinia hakuna anayetazama tonge la mwenzake. Ni utovu wa adabu, mtoto anafundishwa hivyo kabla hajajua kusoma. Unakula upande wako, macho chini. Leo nikatazama.

Mkono wake unashuka. Unafinyanga wali, tonge zuri la mviringo, kama nilivyomfundisha. Linapanda hadi kifuani — halafu anakumbuka jambo, anamwuliza mama yake habari za soko, na mkono unashuka na tonge lilelile. Analifinyanga upya. Nyama anaisukuma kwa kidole ije upande wangu. Na mimi naila! Miezi mingapi nimekuwa nakula fungu la mwanangu nikidhani Safina ananipendelea?

Nikapiga sinia ngumi. Nikamwambia kula, kwa ile sauti ya kufokea watu jikoni kwenye harusi. Akala matonge machache, machozi yanamtiririka hadi kwenye wali. Akainuka. Nikamsikia akitapika nyuma ya choo.

Safina hajanisemesha mpaka sasa. Ana haki.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemkataza kufunga. Amefunga.

Jumatatu, 15 Septemba. Mbale

Dada yangu Afuwa, anayeuza mchele huku Namatala, ndiye aliyetuita. Alisikia habari kwa wachuuzi wake — kumbe habari zimefika mpaka Mbale! Akasema yuko muuguzi mmoja nyuma ya kanisa, Sista Nambozo, hatibu kwa sindano, anatibu kwa kuongea. Watu wenye silimu huenda kwake kutua mizigo ya moyo. Nikasema mwanangu hana silimu. Afuwa akasema nani amesema anayo, peleka mtoto.

Nilipomsalimu Sista kwa Kiswahili, mabega yake yalipanda. Naijua hali hiyo. Kwa watu wa huku Kiswahili ni lugha ya kizuizi cha barabarani, ya askari anayetaka kuona kitambulisho. Kwetu sisi ni lugha ya mama. Nikapunguza sauti. Akaingia na Shamirah chumbani, wakaongea Kiingereza, mlango umefungwa. Mimi na Safina tukakaa kwenye benchi nje, tukiepuka kutazamana. Alipotuita nilikuwa tayari kupigwa. Hakunipiga.

"Mzee," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "hii si kiburi. Na si dini. Hii ni ugonjwa. Ugonjwa nachukua kanzu ya dini navaa, ndiyo nyinyi naona kanzu, hapana ona ugonjwa."

Akasema ugonjwa huu unapenda kujificha mahali watu wanasifu. Akasema hakuna aliyeuleta, tusitafute mkosaji. Mimi mkosaji namjua.

Amewahi kuona wasichana wawili wa namna hii, wa shule za bweni. Mmoja ameolewa, ana mtoto. Nikamwuliza habari za wa pili. Akapanga karatasi zake mezani.

Masharti yake haya: asifunge kabisa. Ale mara tatu, na kila akila mmoja wetu akae naye, na aendelee kukaa naye baada ya kula. Tuongee mambo ya kawaida. Tusimkaripie asipokula, tusimshangilie akila. Tusitaje mwili wake, hata kwa wema. Tumtazame usoni, tusimtazame mkono. Kila Jumatatu tumlete wazungumze. Atampima uzito akiwa ameipa mizani mgongo, asione. Na mwisho, apakuliwe kwenye sahani yake mwenyewe, maana kwenye sinia hakuna ajuaye nani amekula nini.

Hilo la sahani nililipenda. Hatimaye kitu ninachokiweza! Nimenunua leoleo dukani hapa Mbale — sahani ya bati, ya buluu, yenye ua jeupe katikati.

Jumanne, 16 Septemba. Jinja

Nimeharibu.

Mchana nilipakua mwenyewe. Sinia la mimi na Safina. Pembeni, mahali pa Shamirah, sahani ya buluu na kikombe kipya. Wali nimeulaza vizuri, vipande viwili vya nyama, kachumbari kidogo. Nilitaka ipendeze.

Akaja, akasimama mlangoni. Akaitazama sahani muda mrefu. Uso ukabadilika na sikujua kwa nini. Halafu akasema polepole, hata sauti hakupandisha:

"Kumbe karatasi ya daktari hamkuiamini."

Safina ndiye aliyeelewa kwanza. Akaguna kama mtu aliyeungua. Mimi nikaelewa baadaye, na nikatamani ardhi inimeze. Waiswa! Waiswa fundi saa, wa nyumba ya nyuma. Alipoanza kukonda ndugu zake walimtengea sahani yake na kikombe chake, wakafunga uzi mwekundu kwenye kikombe kisichanganyike na vya wengine. Alikula peke yake barazani mpaka siku zake zikaisha, na alipokufa wakavichoma. Shamirah alikuwa anapita pale kila siku kwenda shule. Mtaa huu sahani ya peke yako haina maana nyingine.

Nikamwambia siyo hivyo, mwanangu, ni Sista amesema. Akauliza, Sista ndiye amewaambia mnitenge? Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Wali umelala kwenye sahani mpaka umekauka. Nimeshindwa kuumwaga. Safina ameumwaga.

Alhamisi, 18 Septemba

Maji tu. Na chai ya rangi, nusu kikombe, kwa kuombwa sana na mama yake. Mimi hanitazami.

Jumatatu, 22 Septemba. Mbale

Nilikwenda na hasira zangu zote. Nilizipanga njiani. Nikamweleza Sista habari za Waiswa na uzi mwekundu. Akajishika shavu.

"Mimi nakosa, Mzee," akasema. "Kwetu kila mtu nakula sahani yake, tangu mtoto. Sikufikiri nyumba yako."

Hasira ziliishia hapo. Sijawahi kusikia mtu wa hospitali akisema amekosa. Akamwita Shamirah, akamwambia hilohilo mbele yetu. Shamirah akalia, na mama yake akalia, na mimi nikatoka nje nikajifanya naangalia mawingu.

Nilirudi ndani na wazo langu. Nikasema, kama ni sahani, basi iwe sahani kwa kila mtu. Sista akaniangalia kama amesikia Kiswahili kwa mara ya kwanza. Akasema, ehee, hiyo.

Tumenunua mbili zaidi. Mwenye duka alinitania: Mzee, unafungua hoteli?

Jumamosi, 27 Septemba. Jinja

Sinia nimeliweka juu ya kabati. Lilikuwa la mama yangu. Nililifunga kwa khanga kuukuu kwanza, vumbi lisiliingie. Safina alishika kiti nikapanda.

Tunakula kila mtu na sahani yake ya buluu. Ajabu, nimelisha mamia kwa mamia na sijui kujipakulia! Nahisi kama nakula kwa watu. Huna wa kumsukumia kipande kizuri. Huna wa kumwachia ukoko. Mkono unakwenda wenyewe kumtafuta Safina upande wa pili, unagonga meza.

Lakini Shamirah amekula robo ya sahani. Robo, tukiwa tumekaa wote watatu, tukizungumzia mbuzi wa Docus aliyekula sabuni. Alitabasamu kidogo kwa huyo mbuzi. Sikumshangilia. Nilikanyaga mguu wa Safina chini ya meza naye asishangilie.

Jumatatu, 13 Oktoba. Mbale

Wiki ya tano ya maongezi. Leo Sista alituketisha wote pamoja na kumwambia Shamirah aseme lile alilokuwa amemwambia yeye, ikiwa anataka. Alikaa akisokota ncha ya mtandio. Nikadhani hatasema. Akasema akitazama sakafu:

"Nikifunga, kichwani kunatulia. Na mlikuwa mnanisifu. Sikuwahi kusifiwa kitu kingine."

Nilitaka kubisha. Nilitaka kumtajia mambo aliyofanya vizuri, nikaanza kuyatafuta moyoni, na wallahi nikakuta sikuwahi kuyasema hata moja kwa mdomo. Nilikuwa nayasema kwa nyama. Kipande cha mfupa wenye uboho nilikuwa namwekea yeye. Nilidhani anajua.

Nikamwambia hivyo. Nikamwambia, mimi nilikuwa nakusifu kwa uboho. Akacheka na kulia pamoja. Sista hakuelewa uboho ni nini, ikabidi nimwoneshe kwa kidole kwenye mfupa wa mkono wangu.

Ijumaa, 24 Oktoba. Jinja

Siku nzuri. Sahani zake zinarudi karibu tupu. Sista ameruhusu chakula cha mchana akile peke yake, Safina arudi kwenye meza yake ya vitenge sokoni.

Nimemleta Shehe Faizal nyumbani azungumze naye kuhusu Ramadhani, kwa kuwa inakaribia. Nilimweleza Shehe kabla. Alishangaa, akauliza ana homa? Nikasema hapana. Anakohoa? Hapana. Akatikisa kichwa, lakini ni mtu mwema, akaja. Akamwambia Shamirah kwa upole kwamba mgonjwa ana ruhusa, akipona hulipa, na asiyeweza kulipa hulisha maskini. Shamirah alisikiliza kwa makini sana. Akauliza, kulisha maskini kunatosha? Shehe akasema kunatosha kwa asiye na njia nyingine. Akamshukuru. Nikamsindikiza Shehe moyo mweupe.

Leo usiku nitalala.

Ijumaa, 14 Novemba

Ee Mola.

Baada ya sala ya Ijumaa, Bibi Namukose alinishika kanzu langoni mwa msikiti. Ni yule ajuza anayekaa pale na fimbo yake, haoni vizuri, kila mtu anamjua. Aliniuliza kama mimi ndiye baba wa Shamirah. Nikasema ndiye. Akaishika mikono yangu yote miwili, akaanza kuniombea dua.

"Una mtoto wa peponi," akasema. "Kila mchana ananiletea chakula. Wali, nyama, mpaka kachumbari. Bado cha moto."

Kila mchana. Kwenye kavera, mfuko wa plastiki, ndani ya mkoba wake wa shule. Sahani zinarudi tupu, na mimi nasema nitalala!

Watu wanapita wananipa mkono, wananipongeza kwa malezi. Nami natabasamu. Nilitabasamu mpaka kona, nikaegemea ukuta wa duka la Mhindi pale.

Nyumbani sikufoka. Nilimwuliza tu. Hakukana. Akasema, "Nilikuwa naanza kulipa mapema, Baba."

Nilimkumbatia. Ndani ya gauni hamna mtu.

Jumatatu, 17 Novemba. Mbale

Mvua hii haina adabu. Njia imekatika mara mbili, tumefika tumelowa kama vifaranga.

Sista hakumlaumu, na alinikanya kwa macho mimi nisijilaumu. Akamsikiliza moyo kwa ile mipira yake, muda mrefu kuliko siku zote. Akaandika. Akaniambia nje, barazani, kwamba moyo unakwenda polepole kuliko anavyopenda, na akianguka tena asirudishwe kwake, apelekwe moja kwa moja hospitali kubwa. Kisha akasema turudi mwanzo, mchana pia mtu akae naye.

Nikamwuliza kuhusu Bibi Namukose. Nimkataze mtoto kumlisha? Nitamnyima ajuza chakula? Akafikiri. Akasema, "Bibi nakuja kula kwenu. Mezani."

Jumapili, 23 Novemba. Jinja

Bibi Namukose amekula kwetu. Nilimpakulia sahani ya buluu ya nne, niliyoinunua Mbale Jumatatu. Akaipapasa kwa vidole, akapapasa meza, akauliza, wenyeji wako wapi, mbona nasikia mimi tu? Tukamwambia tuko hapa. Akasema hali mpaka asikie wengine wanakula, yeye si mbwa wa kulishwa pembeni.

Tukasikiliza wote. Shamirah akatia tonge mdomoni. Bibi akainamisha sikio, akasema, huyo mmoja bado simsikii vizuri. Shamirah akatia la pili. Na hivyo hivyo! Ajuza anasikiliza, mtoto anatafuna. Amemaliza nusu sahani na hakutapika, Safina alikaa naye mpaka alasiri.

Nilienda kuosha masufuria ambayo yalikuwa safi.

Jumatano, 10 Desemba

Bibi Namukose hajaja siku tatu, mvua. Shamirah hajala siku mbili. Anasema atakula Bibi akija. Nilimfuata Bibi kwake kwa boda, tope hadi magotini, nikakuta ana homa, hawezi kuinuka. Nikamwachia supu.

Nimerudi nimemdanganya Shamirah kwamba Bibi amesema ale. Alinitazama usoni. Alijua.

Ijumaa, 19 Desemba

Robo. Iliyobaki imefichwa chini ya godoro.

Harusi mbili nimezikataa. Siwezi kukaa mbele ya masufuria.

Jumatatu, 22 Desemba. Mbale

Alianguka jikoni kwa Afuwa, kabla hatujafika kwa Sista. Safari hii macho yalikuwa wazi na hayatazami kitu. Sasa yuko wodini, hospitali kubwa, amewekewa maji ya mshipa. Wamesema asipewe chakula kingi kwa ghafla, mwili umeshasahau, aanze kidogokidogo, na sisi ndio tutakaompikia, maana hapa kila mgonjwa hupikiwa na watu wake nje uani. Moyo, wamesema moyo. Hawakumaliza.

Sista Nambozo amekuja jioni na mwavuli umevunjika. Amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Alipoondoka alinishika bega. Mwanamke ambaye mabega yalikuwa yanapanda akinisikia!

Jumamosi, 27 Desemba

Nina jiko la mkaa la Afuwa na sufuria ndogo, ya mtu mmoja. Watu uani wanakuja kuuliza, huyu Mzee vipi, anakoroga uji kama anakoroga dawa. Ndivyo. Sijawahi kupika kitu kidogo namna hii maishani mwangu, mkono haujui chumvi ya mtu mmoja. Mara ya kwanza niliutia chumvi ya harusi. Shamirah akaonja kijiko, akakunja uso, akasema, Baba! Nilifurahi kuliko sifa zote za Mafubira.

Vijiko vichache asubuhi, vichache jioni. Hakuna anayeshangilia.

Safina amechoka mpaka anasinzia amesimama. Tunapishana.

Jumanne, 30 Desemba

Mwezi umeandama. Redio ya mlinzi imetangaza, na watu uani wakaitikia takbiri, na mama wa kitanda cha pili, Mwislamu, akamkumbatia Safina. Kesho Ramadhani. Kila mwaka usiku huu huwa nina furaha ya kitoto. Leo nilitaka mawingu yazibe anga mwezi mzima.

Shamirah alisikia takbiri. Akageuza uso kwenye mto. Nikadhani amelala. Akaniuliza:

"Baba, nikila kesho, dhambi ni ya nani?"

Nikamwambia hakuna dhambi, mgonjwa ana ruhusa, Shehe alimwambia mwenyewe. Akasema hilo analijua. Anauliza ya nani. Anasema kichwani mwake kuna mtu anayeuliza hivyo tangu magharibi na hanyamazi.

"Mwambie ni yangu," nikasema. "Yote. Aje aniulize mimi."

Akafumba macho. Mkono wake uko juu ya shuka. Bangili ilivuliwa siku ya kwanza, Safina anayo kwenye kibindo.

Jumatano, 31 Desemba

Safina alikula daku saa kumi, akanywa maji, akatia nia. Akanisukumia kikombe. Nikasema leo sifungi. Akanitazama. Tangu nikiwa mtoto wa miaka minane sijaacha hata siku moja — malaria nilifunga, msiba wa mama yangu nilifunga. Ningejidai msafiri, lakini wiki nzima niko hapahapa, hiyo ruhusa imekwisha. Sina kisingizio chochote cha kumpelekea Shehe. Safina hakuniuliza zaidi. Akanishika kichwa kama anavyoshikwa mtoto, akaenda kuswali.

Jua limetoka. Nimepika uji wa mchele na maziwa, sufuria ndogo. Nimepakua sahani mbili za buluu, sawa kwa sawa. Mama wa kitanda cha pili aliniona nakaa nazo mchana kweupe, akavuta mtandio, akageukia ukutani. Sawa. Ana haki.

Nikasema bismillahi. Nikala kijiko cha kwanza mbele ya mwanangu. Sikusikia ladha. Kikapita kooni kama jiwe, lakini kikapita.

"Baba," akasema. "Wewe huumwi."

"Naumwa," nikamwambia. "Tangu Agosti naumwa."

Akanitazama muda mrefu. Midomo imekauka, macho makubwa, yale yale ya alipozaliwa. Halafu akajiinua kidogo kwenye mto na kunyoosha mkono, akachukua kijiko.

Sista alisema nisimtazame mkono. Nimtazame usoni, na usoni siwezi, nitalia. Kwa hiyo nimetoa daftari. Naandika. Kijiko changu cha pili, cha tatu. Naandika ili macho yawe na pa kukaa. Nje mtu anapasua kuni. Uji wangu unapoa na bado naula.

Kijiko chake kimegusa bati. Nimekisikia. Sijui kimechota au kimewekwa. Siinui macho. Nakula cha nne.